Kabla hujalipa cha juu cha gari linalogombaniwa

Kuna swali ambalo vijana wa huku kwetu, kuanzia Mbeya mjini mpaka Mafinga, wananiletea wakishajua kwamba nafuatilia magari: "Kaka, nimeikuta GR Yaris yadi, ila bei waliyonitajia imepita mbali ile niliyoiona kwenye tovuti za Wajapani. Nilipe?" GR Yaris ni Toyota ndogo ya mbio yenye turbo. Mwingine anaulizia Subaru WRX STI, mwingine Land Cruiser 300 ile ya GR Sport. Jibu langu halibadiliki. Cha juu, yaani ile nyongeza juu ya bei, kama hujaonyeshwa kwenye karatasi, usikilipe.

Nalisema hili kwa uchungu. Fedha inayonunua magari haya ukanda huu ni ya mbao za Mufindi, ya mpunga wa Usangu, ya parachichi na viazi vya Rungwe na Njombe. Mtu ameichuma msimu kwa msimu, kuna mwaka bei ilianguka, kuna mwaka mvua ilikataa. Kisha inachukuliwa na mtu ambaye kazi yake pekee ilikuwa kutangulia kwenye foleni.

Tuanzie cha juu kinakozaliwa, maana wengi wanadhani kimeanzia Dar es Salaam. Kiwanda hutangaza bei, lakini mara nyingi bei ile si amri. Marekani ipo sheria ya mwaka 1958 inayotaka kila gari jipya libandikwe kiooni karatasi yenye bei inayopendekezwa na kiwanda, na ni pendekezo kweli. Muuzaji pale ni mfanyabiashara anayejitegemea, kanunua gari kiwandani kwa fedha yake, anauza anavyoona. Akipewa gari moja linalotafutwa na watu wengi, anabandika karatasi ya pili pembeni ya ile ya kwanza, yenye nyongeza ya maelfu ya dola. Honda Civic Type R, Toyota GR Corolla, Chevrolet Corvette Z06, zote zimepitia huko. Uhaba wa chipu wa mwaka 2021 ulipokuja, hata magari ya kawaida yasiyo na mbio yoyote yakawekewa nyongeza.

Viwanda vyenyewe vimepambana na walanguzi. Mtakumbuka John Cena, yule wa mieleka. Ford ilimshitaki mwaka 2017 kwa sababu aliuza Ford GT yake muda mfupi baada ya kukabidhiwa, wakati mkataba ulimtaka akae nayo miezi 24. Walimalizana mwaka 2018. Kama kiwanda kimefika mahakamani na mtu maarufu kiasi kile kwa ajili ya gari moja, elewa kwamba kuliuza tena gari la aina hii kuna fedha nyingi, na fedha hiyo inatoka mfukoni mwa mnunuzi wa mwisho.

Japani, kunakotoka mengi ya magari yetu, mambo yanakwenda kwa foleni na bahati nasibu. Subaru walipoiaga injini ya EJ20, ile ya lita mbili ya STI, mwaka 2019, walitengeneza STI 555 tu za toleo la mwisho, na wanunuzi wakapatikana kwa kuchezesha bahati nasibu. GR Corolla za kwanza kuuzwa Japani, 500 za daraja la RZ, ziligawanywa kwa njia hiyo hiyo. Land Cruiser 300 iliingia sokoni Agosti 2021, na Januari 2022 Toyota ikatangaza kwamba anayeagiza anaweza kusubiri takriban miaka minne. Wanunuzi kule walitakiwa kusaini ahadi ya kutoliuza gari ndani ya mwaka mmoja.

Sasa jiulize hilo la yadi limefikaje Dar mapema hivyo. Kuna mtu Japani alilipata, akaliandikisha kwa jina lake, akaliuza kwa msafirishaji na chake juu. Msafirishaji akaweka chake. Yadi nayo ikaweka chake. Unalipa vya juu vitatu, na kinachotajwa kwako ni jumla tu.

Hapa pana jambo ambalo sijaona yadi ikilisema kwa hiari: gari la namna hiyo, hata likiwa na kilomita 15 kwenye dashibodi na nailoni kwenye viti, kisheria lilishakuwa na mwenye. Liliandikishwa kule, kisha likafutwa usajili ili lisafirishwe. Omba cheti chake cha kusafirisha nje, utaona tarehe ya usajili wa kwanza. Na dhamana ya kiwanda ya gari lililouzwa kwa soko la Japani inafanya kazi Japani. Kwa hiyo unaombwa kulipa zaidi ya bei ya gari jipya, kwa gari lisilo na dhamana ambayo ndiyo sababu kubwa ya mtu kununua jipya. Turbo ikilia Makambako, ni wewe na fundi wako.

Shemeji yangu wa Mafinga, mtu wa mbao, alipoipata GR Yaris kwenye yadi moja Dar, aliniomba niende naye. Nilimwambia kwanza tukae na kalamu. Hii ndiyo sehemu watu wanairuka, na ndiyo inayokupa sauti mbele ya muuzaji.

Hesabu inakwenda hivi. Unaanza na CIF, yaani bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli mpaka bandari ya Dar. Juu yake unaweka ushuru wa forodha asilimia 25. Jumla hiyo inawekewa ushuru wa bidhaa kufuatana na ukubwa wa injini: cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo ni asilimia 10. Jumla mpya inapigwa VAT asilimia 18. Kwa kujifunzia tu, chukua CIF ya shilingi milioni 10. Baada ya forodha inakuwa 12,500,000. Injini ya GR Yaris ni cc 1,618, kwa hiyo asilimia 5 inakufikisha 13,125,000, na VAT inakupeleka 15,487,500. Zidisha kulingana na CIF ya gari lako. Hapo hujaweka tozo kama ile ya reli, gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili, lakini picha umeshaipata: kodi peke yake inaongeza zaidi ya nusu ya CIF, kihalali kabisa, na muuzaji hana kosa hapo.

Wapenzi wa Subaru wawe makini zaidi. STI ya EJ20 ina cc 1,994, inabaki kwenye asilimia 5. Ile ya lita 2.5 ina cc 2,457, inaruka kwenye asilimia 10, na CIF ile ile ya milioni 10 inatua 16,225,000. Gari likifikisha miaka minane tangu litengenezwe, kuna ushuru wa uchakavu unaoongezeka, na huo si mdogo. Kwa magari yaliyotumika TRA wana thamani zao kwenye mfumo, hawategemei risiti yako peke yake, na kikokotoo chao kiko wazi mtandaoni. Ingiza aina, mwaka na injini kabla hujapanda basi.

Tulipofika yadi tulipokelewa vizuri. Yule ndugu akaanza: "Bosi wangu, hii iko moja tu, na kuna mteja wa Arusha keshatuma nusu." Shemeji, mtu aliyezoea kununua miti ikiwa bado shambani, hakushtuka. Akasema, "Sawa mkuu, naomba mchanganuo wa bei." Akaletewa karatasi yenye mstari mmoja, jumla. Tukaomba CIF, tukaomba stakabadhi ya kodi, tukaomba gharama za bandari. Stakabadhi ya kodi ilitoka bila shida. Tukajumlisha pale pale mezani, tukaweka na faida ya haki. Pengo lililobaki lilitosha kununua IST nzuri na bado ikabaki ya bima. Nikauliza hilo pengo ni la nini. "Ni soko tu, kaka. Gari linatafutwa."

Simlaumu kwa kutafuta faida. Yadi imefunga mtaji mkubwa kwenye gari moja, inalipa pango, ina hatari ya kukaa nalo. Faida hiyo nailipa bila kinyongo. Hata cha juu chenyewe nakiona cha haki pale ninapopata kitu: gari limeshasajiliwa, limepimwa na fundi wangu, naliendesha kabla ya kulipa, na muuzaji anaandika kwamba kwa muda fulani gari likihitaji matengenezo anayagharimia yeye. Pale cha juu ni bei ya usalama. Kile cha "gari linatafutwa" kinanunua haraka yako tu.

Shemeji aliandika bei yake kwenye karatasi, akaacha namba ya simu, tukaondoka. Baadaye walipiga wakiwa wameshusha, si sana. Yeye alikuwa ameshaamua kuagiza mwenyewe kupitia wakala, akiwa na karatasi ya mnada wa Japani yenye alama ya hali ya gari mkononi. Na kusubiri kulimsaidia kwa namna ambayo hatukuipanga. GR Yaris ya turbo iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2020 ilikuwa na nguvu farasi 272 na gia za mkono tu. Iliyofanyiwa maboresho mwaka 2024 ikaja na farasi 304, na ukitaka unapata otomatiki ya gia nane. Aliyetoa cha juu kuwahi ile ya mwanzo alijikuta ana gari zuri, ila si lile la juu tena.

Kuna gharama mbili zinazokuja baada ya kununua ambazo watu hawazipigii hesabu. Bima kubwa hukokotolewa kwa thamani unayoitaja, kwa hiyo ukiandika bei uliyolipa pamoja na cha juu, unakilipia cha juu kile kila mwaka. Siku gari likianguka Kitonga, kampuni inaangalia thamani ya soko, haiangalii ulivyokuwa na hamu. Pili ni kuuza. Soko letu la Mbeya ni dogo kwa magari haya. Mnunuzi wa Mwanjelwa au Soweto atauliza inakula mafuta kiasi gani, spea zinapatikana wapi, nani anaijua injini. Injini ya GR Yaris si ile ya Yaris wala Vitz ya kawaida, hivyo spea nyingi zinaagizwa. Utalazimika kuliuza Dar, na kule mnunuzi anajua bei kuliko wewe.

Mimi siwakatazi magari ya mbio. Nayapenda, na huku kwetu turbo ina sababu yake. Mji wa Mbeya uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, na ndiyo maana gari lililokuwa jepesi Dar linakuwa zito Uyole. Turbo inarudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo, na ukiwa nyuma ya msururu wa malori ya Tunduma unaiona faida yake. Lakini raha hiyo hiyo utaipata kwenye Forester ya turbo iliyotunzwa, ambayo mafundi wetu wanaijua, na matuta ya vijijini haiyaogopi. Kwa barabara yenye tochi na vibao vya 50 kila kijiji, sijui farasi 304 utawatolea wapi mbio.

Ukiamua kulipa hata hivyo, linda malipo ya awali. Yaingie kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni, si kwenye simu ya dalali. Mkataba uwe na namba ya chesisi, bei ya mwisho yenye kodi zote, tarehe ya kukabidhiwa, na sentensi inayosema ukipitishwa tarehe hiyo unarudishiwa fedha yako yote. Namba ya chesisi uilinganishe mwenyewe na ile iliyogongwa kwenye bodi, kisha na ile ya cheti cha kusafirisha nje. Muuzaji asiyekubali kuiandika chesisi mara nyingi gari bado hana, analitafuta kwa fedha yako, na bei atakayokutajia mwezi ujao haitakuwa ile mliyokubaliana.