Kabla hujapanda Tshivanga, langoni mwa mbuga ya Kahuzi-Biega: maneno kwa mnaoanza kazi ya mbuga

Wadogo zangu mnaoingia katika mashirika ya kimataifa ya kulinda wanyama hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, najua mmevutwa na gorila. Mimi pia. Lakini siku zenu nyingi mtazimaliza kwenye benchi za kanisa na viti vya plastiki, mbele ya watu wanaolima pembeni ya mbuga ya Kahuzi-Biega.

Jifunzeni historia yake kabla ya kufungua mdomo. Mbuga ilianzishwa 1970 ikiwa na kilomita za mraba 600, na 1975 ikapanuliwa hadi kama 6,000. Batwa, wenyeji wa asili wa pale, waliondolewa kwenye msitu wao bila fidia. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki zao. Kwa hiyo wewe ukitamka "uhifadhi", kuna mzee pale mbele anayesikia "kufukuzwa". Msikilize kwanza.

Ninachotaka mkishike sana ni hiki: ahadi. Mwaka wangu wa kwanza niliandika majina ya akina mama katika kijiji kimoja upande wa mji mdogo wa Miti, nikawaambia mbuzi watafika mwezi ujao. Bajeti ikabadilishwa, mbuzi hawakuja, nami nikaona haya kurudi. Nilikaa miezi saba. Siku niliyorudi, mama mmoja alifungua fundo kwenye pembe ya kikwembe chake, akatoa kadi yake ya kura, na ndani yake kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Namba 14 ya orodha yangu ya mbuzi, kwa mwandiko wangu. Hakugomba. Aliuliza tu: "Mwanangu, ni namba hii, ao kuko ingine?" Nilikosa la kumjibu.

Tangu hapo mkutanoni nasema: "Ombi lenu nitalifikisha. Alhamisi ya wiki ya tatu nitarudi na jibu, hata likiwa hapana." Na Alhamisi hiyo naenda, hata mvua iwe imeharibu barabara na motari wa pikipiki anadai nauli mara mbili. Mara ya kwanza kupeleka "hapana" walinigombeza karibu saa nzima, kisha wakanivutia kiti na kuniletea muhogo wa kuchemsha.

Mengine mtafundishwa ofisini: ripoti kwa Kifaransa, faktire (risiti) kwa kila faranga, ruhusa za ICCN, taasisi ya serikali inayohusika na mbuga za taifa za Kongo. Moja tu msingoje kufundishwa. Ukiwa na mafua, usipande kwa gorila. Wanaambukizwa magonjwa yetu ya kifua, na mafua yanayokulaza wewe siku mbili yanaweza kumuua mtoto wao. Barakoa ni ya kila siku, hata ukiwa mzima. Lakini ukianza kukohoa, mwambie kiongozi wako asubuhi ileile, gari likiwa bado Bukavu, hata kama mfadhili amekuja kutoka Ulaya na anakusubiri wewe umpandishe.