Dada weka hiyo pamba chini, usifungue hicho kidani

Umeandika mama mkwe kakuachia kidani chenye picha ya kuchorwa ya bibi yao wa enzi za Malkia Victoria, kioo kina ukungu, na leo usiku unataka ukifungue upanguse uso kwa pamba yenye maji kidogo. USIFANYE. Nakuomba. Mi nilifanya hivyo hivyo na mpaka leo mume wangu akipita pale kabatini anageuza macho.

Cha kwetu ni cha bibi yake babu mkwe, hapa Uingereza, kila bi harusi wa ukoo wao anakishika siku ya ndoa na mi nilikishika. Kioo kikaanza matonetone kwa ndani. Nikampelekea mzee mmoja anauza vitu vya kale sokoni, kakitazama nusu dakika akasema fungua tu, futa na pamba ya maji ya uvuguvugu, kama unavyosafisha miwani. Kwa uhakika kabisa! Mtu hajui kitu lakini mdomo haufungi, na mi nikaamini zile mvi. Hasira yangu kwake haijaisha.

Sikiliza ambacho hakuniambia. Hiyo picha haijachorwa kwenye karatasi, wachoraji wengi wa picha ndogo hizi wakati ule walitumia kipande cha pembe ya ndovu kilichopasuliwa chembamba mpaka mwanga unapenya, na rangi ni za maji zimechanganywa na gundi ya mti. Sasa karatasi inakunywa rangi, pembe hainywi, rangi imekaa juu juu tu, kidoti kwa kidoti, hata ipite miaka 170 ikiguswa na maji inayeyuka. Nilipitisha pamba shavuni mara moja. Mara moja tu dada. Pamba ikatoka na wekundu wote wa shavu, nikashtuka, nikajaribu kusawazisha ndo nikaondoka na jicho la kushoto na kona ya mdomo. Nikakaa chini sakafuni nalia, yule mama wa pichani yuko kwenye pamba mkononi mwangu, na hana picha nyingine popote. Na mi mtu wa Bagamoyo, najua pembe zilivyofika pwani karne ile, mabegani mwa watu waliotembea miezi, ndo maana iliniuma mara mbili.

Halafu nyuma kulikuwa na karatasi imegandishwa, nikaichana nipate kufungua, ikaenda na taka. Fundi wa kuhifadhi michoro swali lake la kwanza lilikuwa karatasi iko wapi, maana huko nyuma ndo mara nyingi mchoraji aliandika jina lake, anwani, mwaka, pengine na jina la aliyechorwa. Ningekuwa na jina ningemtafuta kwenye sensa ya 1841 na 1851, au kwenye usajili wa ndoa wa England ulioanza Julai 1837. Nimebaki na kipande kimeandikwa "Mrs", basi.

Huo ukungu mara nyingi ni kioo chenyewe kinaharibika, fundi anakibadilisha bila kugusa uso. Lakini mwulize kwanza kama ameshawahi kushika picha za kwenye pembe, akisita ondoka nacho. Kwa sasa kiweke mbali na bafu na hita, pembe ikipata unyevu au joto inapinda na kupasuka.

Nijibu hata saa nane usiku, niambie bado hujafungua.