Vijana wa gereji za Kirinyaga Road, Nairobi, ringi hufungwa kwa kidole

Injini imefungwa juzi, leo imerudi ikitoa moshi wa bluu, na kijana wa spana analaumu oili. Oili haina kosa, mdogo wangu; kagua ulivyofunga ringi, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni.

Mjue Ralph Teetor wa Indiana, Marekani, aliyezaliwa 1890. Aliumia jicho kwa kisu akiwa na miaka mitano, hatimaye akapofuka yote mawili. Mwaka 1912 akahitimu uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na baadaye akaongoza Perfect Circle, kampuni ya ringi za pistoni. Hakuwahi kuiona hata moja. Wewe una macho mawili na tochi ya simu.

1. Pitisha ukucha sehemu ya juu ya silinda. Ukikwama, kuna ukingo. Usipouondoa, ringi mpya itaugonga ivunjike.

2. Pima mwanya kati ya ncha mbili za ringi kwa fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia), ringi ikiwa ndani ya silinda, imenyooshwa kwa kichwa cha pistoni. Silinda ya milimita 80 hutaka kama milimita 0.3, ila kitabu cha injini ndicho hakimu.

3. Alama ya ringi, ile herufi ndogo kando ya mwanya, itazame juu. Hapa mafundi wote tumeumbuka, tukiri tu. Ringi ya pili mara nyingi ina mteremko mdogo usoni, na makali yake ya chini ndiyo hukwangua oili kuirudisha kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ukiigeuza, inaipandisha oili juu iungue. Ubaya wake, kompresheni bado inasoma vizuri! Kwa hiyo unabadilisha sili za valvu, moshi upo, unabadilisha oili, moshi upo, unamwambia mwenye gari "itajizoesha." Mwezi unaisha, plagi ni nyeusi, hedi inashuka tena, gasketi mpya ni juu yako, na ile herufi ndogo kando ya mwanya iko pale inakutazama kutoka chini. Jicho huupita mteremko huo. Fumba macho, ipapase.

4. Tawanya mianya, isipangane.

5. Uzoeshaji. Inasimuliwa kwamba Teetor alichoshwa na wakili wake, ambaye akiendesha, gari lilipungua mwendo kila alipozungumza na kuongeza aliponyamaza. (Thika Road wamejaa.) Akabuni kruzi kontroli, kifaa cha kushikilia gari kwenye mwendo mmoja, hataza ikatoka 1950, Chrysler wakaiuza 1958. Sasa ringi mpya hutaka kinyume chake: kilomita 500 za mwanzo, mwambie mwenye gari apandishe na kushusha mwendo, na kitufe hicho cha Teetor asikiguse.