Usilaze Simu kwenye Wi-Fi Usiku wa Kuamkia Kazi

Wiki jana msomaji mmoja wa Nakuru aliniandikia saa tano usiku. Anarusha sherehe laivu kama mimi, ila yeye ni wa harusi na mimi wateja wangu wengi wamelala kwenye jeneza. Harusi ilikuwa Njoro, maharusi wamefika kwenye viapo, simu ikazima. Ikawaka na nembo ya kampuni, ikaanza kuhesabu asilimia. "Kaka, nilisimama pale kama mtu aliyevuliwa nguo," akaniandikia. "Hii kitu ya apdeti naizima vipi? Na bwana harusi nimrudishie pesa yake?"

Swali la kwanza nina jibu lake, na nililipata kwa bei ghali. La pili tutalifikia.

Wanaonijua Kondele ya Kisumu na Luanda ya Vihiga wanajua nina jina la pili ambalo sikupewa na wazazi. Naitwa Duara. Wengine hudhani ni kwa sababu ya tumbo. Nimekuwa nikicheka nao tu, lakini leo naeleza jina lilikotoka, maana naona kuna wenzangu wanaoelekea kulipata.

Ilikuwa kazi ya mazishi, upande wa Luanda, ukishapita Maseno. Mama mzee amefariki, watoto saba, mmoja wao yuko Marekani na makaratasi yake hayajakaa sawa. Ndugu zetu walioko huko mnaelewa maana yake: akitoka, harudi. Ndiye aliyenitafuta. Tukapatana elfu kumi na tano, akanitumia elfu nane kwanza, na sauti ya dakika nne ambayo sitaiweka hapa. Kwa kifupi alisema, "Kaka, mimi sitashika mchanga. Wewe ndiye macho yangu."

Mimi hufanya hesabu, sikurupuki. Video ya kawaida nairusha kwa megabiti 3 kwa sekunde, na hiyo hula karibu GB 1.35 kwa saa. Mazishi ya kwetu, ukiweka ibada, salamu za mashemeji, salamu za chama, salamu za mwanasiasa ambaye hakualikwa, hayapungui saa tano. Hiyo ni kama GB 6.75. Nikanunua bando la GB 12 nikaliweka kwenye mifi, kile kirauta cha mfukoni. Laini ya mtandao tofauti na ya simu, betri ya akiba, kigoda cha kamera, maiki ya kuchomeka. Mtu akiniuliza siku hiyo kama niko tayari ningemcheka.

Ijumaa asubuhi, ndani ya matatu kabla hatujatoka Kisumu, simu ikaniletea ule ujumbe wake: sasisho la mfumo liko tayari, sakinisha sasa au usiku? Ulikuwa umenisumbua tangu Jumatano. Nikabonyeza "usiku" ili uniondokee. Sikusoma. Nani husoma?

Jioni mwili ukafika kutoka mochari, mkesha ukaanza. Nikajaribu mitambo, picha safi, sauti safi. Saa sita usiku nikaomba nafasi ya kuchaji ndani ya nyumba, jenereta inanguruma nje. Nikachomeka simu, mifi ikiwa kando yake inawaka, nikaenda kuwasikiliza wazee moto ukiwaka. Nililala kwenye kiti cha plastiki, roho nyeupe kabisa.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo watu hupotea. Simu hungoja mambo matatu ndipo ianze kujifanyia kazi zake: iwe kwenye chaji, iwe haiguswi, na iwe kwenye Wi-Fi. Nilikuwa nimeipa yote matatu kwa mkono wangu mwenyewe. Na simu haijui mifi ni nini. Kwake Wi-Fi ni Wi-Fi. Inadhani iko nyumbani kwa tajiri mwenye intaneti ya waya isiyoisha, kumbe inakunywa bando langu kwa mrija. Hata ile setingi niliyojivunia kwa miaka, ya kusema programu zijisasishe kwenye Wi-Fi peke yake, ndiyo iliyonimaliza.

Alfajiri nilipochukua simu niliona sura mpya. Saa imehamia upande mwingine wa skrini, rangi zimebadilika. Mfumo mpya. Nikajisemea, afadhali, imekuwa ya kisasa. Nilifurahi, kusema kweli! Sikuangalia salio la bando hata mara moja.

Nilipochomeka maiki haikusomeka. Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka tena. Programu ya kurushia nayo ilikuwa imejisasisha ikanitoa nje, inataka nywila ambayo niliiandika kwenye daftari lililo Kisumu. Nilihangaika hadi saa tano kasoro robo. (Hapo shangazi wa marehemu alikuwa ameshanipitia mara tatu akiniambia, "Kijana, watu wa ng'ambo wanapiga simu, wanaona giza." Na kila mtu mkononi ana karatasi ya programu ya mazishi, nami nalia na programu ya aina nyingine.) Mwishowe nikaanza na maiki ya ndani ya simu. Upepo ukiingia kwenye mikaratusi ulisikika kuliko mchungaji.

Lakini picha ilikuwa inaenda. Watazamaji mia mbili na kitu. Nikatulia.

Saa saba na dakika chache, jeneza limebebwa hadi kaburini, kwaya imenyamaza, mchungaji ameinama kuchukua mchanga. Picha ikaganda. Nikatazama mifi: bando limeisha. Katika GB 12 nilianza ibada nikiwa na GB 3 na kidogo, na sikujua. Usiku ule programu zaidi ya thelathini zilikuwa zimejisasisha, pamoja na michezo ya mtoto wangu, na nakala za picha zilikuwa zikipanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, video za harusi mbili nzima. Nikakimbilia kununua bando lingine. Ukumbuke watu mia tano wako mahali pamoja, kila mmoja anapiga picha na kutuma, mtandao umebanwa. Pesa ilikatwa, bando likakawia. Dakika kumi na moja. Nilipopata tena picha, vijana walikuwa wanapiga sepeto mchanga wa mwisho.

Yule dada wa Marekani aliniandikia jioni. "Nimemwona mama akiingia kwenye duara linalozunguka." Basi. Shemeji yake mmoja akalichukua neno lile akatembea nalo matanga yote ya Vihiga.

Sikuweza kushika simu ile wiki nzima. Baadaye nilipeleka kwa fundi mjini Kisumu, karibu na Oginga Odinga Street, nikamwomba airudishe ilivyokuwa. Akaniangalia kama mtu anayeomba chai irudi kuwa majani. Kurudisha mfumo wa zamani, kama simu yenyewe inakubali, mara nyingi kunafuta kila kitu ndani yake, na simu nyingi hazikubali. Sasisho la mfumo ni mlango wa kuingilia tu. Ndiyo maana nasema linda mlango kabla, siyo baada.

Sasa mambo ya kufanya, ndugu yangu wa Nakuru. Si mengi.

Kwenye Android fungua Play Store, gusa picha yako juu, ingia mipangilio, kisha mapendeleo ya mtandao. Hapo kuna kusasisha programu kiotomatiki. Chagua zisijisasishe kabisa. Usichague Wi-Fi peke yake, nimeshakueleza iliniponza vipi. Kama kuna programu moja tu unayotaka kuilinda, kama ile ya kurushia, fungua ukurasa wake palepale Play Store, gusa nukta tatu pembeni, ondoa alama ya kujisasisha. Hiyo moja itabaki ilivyo na nyingine ziendelee.

Ya mfumo iko mahali pengine. Mipangilio, halafu masasisho ya programu, uzime kupakua kiotomatiki kwenye Wi-Fi. Majina hutofautiana kati ya simu na simu. Kuna nyingine imefichwa: nenda kwenye maelezo ya simu, gusa nambari ya muundo mara 7, utafunguliwa sehemu ya wasanidi programu, na ndani yake kuna kitufe cha masasisho ya mfumo kiotomatiki, yale yanayoingia simu inapowashwa upya. Kizime, utoke, usiguse kingine humo. Nakujua, utashawishika.

Wenye iPhone, ingieni mipangilio, sehemu ya jumla, sasisho la programu, mzime ya kiotomatiki. Ya programu za kawaida iko kando, kwenye mipangilio ya App Store. Kisha humo humo kwenye simu, kwenye maelezo ya Wi-Fi ya mifi yenu, washeni hali ya kubana data, masasisho ya kujiendea yatasimama.

Na hili ndilo ningeliandika kwa rangi nyekundu: iambie simu kwamba mifi yako ina mita. Kwenye Android shikilia jina la Wi-Fi ile, ingia maelezo yake, sehemu ya matumizi ya mtandao, chagua ichukuliwe kama mtandao unaopimwa. Toka hapo simu itakuwa na adabu. Ukitumia simu ya pili ya Android kama hotspoti mara nyingi zenyewe huambiana kwamba data inapimwa, lakini mifi nyingi haziambii mtu kitu. Zima pia nakala za picha.

Yamekwisha. Hakuna siri nyingine. Dakika tano, na mimi zilinigharimu jina.

Najua kuna watakaoniambia nawafundisha watu uzembe, kwamba masasisho ni usalama. Ni kweli, wala sibishi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia kwenye kompyuta duniani kote, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani, na kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu Machi. Waliokuwa wamekiweka walilala salama. Simu yako ina M-Pesa, ina benki, ina picha za wateja. Ukizima masasisho ukasahau mwaka mzima umeacha nyumba bila kufuli. Hata WhatsApp yenyewe, toleo likizeeka sana hukataa kufunguka, halafu utasema umelogwa.

Lakini msinidanganye pia kwamba kila sasisho ni zawadi. Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya yuro milioni 10 na Samsung milioni 5, kwa masasisho yaliyozorotesha simu za zamani. Hao ndio wakubwa. Mimi na wewe tuliokopa chama kununua simu tusubiri nini?

Kwa hiyo mimi nina siku yangu, Jumatatu. Jumatatu hakuna anayezikwa wala kuoa. Naingia mahali penye Wi-Fi ya kweli, naweka nakala ya vitu vyangu, nasasisha mwenyewe kila kitu nikiangalia kwa macho, kisha nachomeka maiki, narusha dakika kumi za ukuta wa chumba changu bila mtu yeyote kutazama. Kikiharibika kitu nina siku nne za kukitengeneza. Kuanzia Alhamisi simu haiguswi na kitu kipya, hata kiwe kizuri namna gani.

Ndugu zangu, tatizo letu ni kubonyeza. Tunabonyeza "sawa" kwa vitu ambavyo hatujasoma, kwenye simu, kwenye mikopo, hata kwenye vikao vya harusi. Mtu anakuuliza swali, wewe unajibu ili akuondokee. Simu umeinunua kwa jasho lako, halafu unaiacha iamue lini itafanya kazi! Soma ujumbe. Kama huelewi, bonyeza "baadaye" ukamuulize mtu. Nawaambia vijana ninaowafundisha kazi hii, na wananiona mzee msumbufu. Sawa.

Jumamosi iliyopita nilirusha mazishi Kakamega kwa muda wa saa sita na dakika ishirini, bila kukatika hata mara moja, na bando likabaki. Mzee wa boma alinishika mkono mbele ya watu. Siandiki haya kwa kujisifu, ingawa kidogo ni kujisifu.

Sasa lile swali lako la pili.

Salio langu la elfu saba sikulidai, na yule dada wa Marekani hakulileta. Ile elfu nane nilikaa nayo. Nilijiambia nimetumia nauli, nimenunua bando mara mbili, nimekesha, na saa mbili za ibada aliziona. Yote kweli. Kijana mmoja wa jirani alikuwa amepiga video ya dakika mbili kwa simu yake, akiwa nyuma ya hema, jeneza likishuka, vichwa vya watu vimeziba nusu. Nikamwomba, nikamtumia yule dada. Alijibu, "Asante kaka." Tangu siku hiyo naona akiwa mtandaoni, naandika, nafuta.

Kwa hiyo kuhusu kurudisha pesa, ndugu yangu, mimi si mtu wa kuulizwa.