Nyumba ninayolala haikutakiwa iwe yangu

Mwanangu, umeuliza kwenye grupu la familia kama huku Marekani sheria zilishaumaliza ubaguzi, au picha zetu ndizo zinazodanganya. Mama yako mdogo hatakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Tuliponunua nyumba hapa Minneapolis, tuliomba hati za kiwanja tangu mwanzo. Katikati ya rundo nikakuta karatasi kuukuu iliyopigwa taipu: kiwanja kisiuzwe, kisipangishwe wala kuwekwa rehani kwa mtu mwenye damu ya Kiafrika. Baba yako mdogo alicheka. Mimi niliisoma mara tatu.

Vifungu hivyo vilianza mjini hapa 1910. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ilizizuia mahakama kuvitekeleza, lakini watu waliendelea kubaguana kimyakimya. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ikafungua hoteli, migahawa na ajira. Nyumba zikasubiri sheria yao hadi 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, miji ikiwaka moto. Angalia mpangilio huo: kula meza ya pili na mtu mweusi walikubali kwanza, kupakana naye ua ndiyo ikawa mwisho.

Na leo? Kabla hatujanunua nilikuwa natafuta pa kupanga. Nikipiga simu na lafudhi yangu ya Tanga, naambiwa pameshachukuliwa. Siku moja mwenzangu wa kazini, Mzungu, akapiga palepale baada ya nusu saa: karibu kesho, hata mbwa wako mlete. Hilo ni kosa kisheria, na serikali kuu inapokea malalamiko bure ndani ya mwaka mmoja. Sikulalamika. Nilikuwa zamu za usiku, nikitaka kitanda, si kesi. Sheria hii haijipeleki yenyewe, inamsubiri aliyeonewa apate muda.

Ila sitaibeza. Vuguvugu la Wamarekani weusi la kudai haki, lililozaa sheria hizo, ndilo lililosukuma hadi 1965 ukafutwa mgawo wa uhamiaji uliopendelea Ulaya, ndiyo maana nipo. Waafrika wenzetu wakiwaita Wamarekani weusi wavivu, naondoka mezani.

Tangu 2019 sheria ya Minnesota inaturuhusu kukikana kifungu kile. Fomu nimejaza, ipo juu ya friji. Baba yako mdogo anataka nakala ya hati aitundike sebuleni, ukutani unapoingilia. Bado tunabishana.