Bajeti ishapangwa, mimi naitiwa nini?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi nauza samaki huku Pwani ya Kenya. Mwezi wa tano tuliitwa ukumbini eti tutoe maoni ya bajeti ya kaunti, tukapewa soda na likaratasi limejaa tarakimu tupu, nikaomba taa za sokoni nikaambiwa mama ishapangwa hiyo. Sasa tunaitiwa nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole, ulifika pilau ishapakuliwa. Bajeti ya kaunti huanza mapema mno, mpango wa maendeleo wa mwaka unafaa ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1 na hapo ndo taa zako zinaingia ama zinaachwa, halafu Februari inakuja karatasi ya mikakati inayosema kila idara itapata ngapi, Aprili 30 makadirio yanawafikia kina MCA, wale wawakilishi wa wadi, Julai 1 mwaka wa fedha ushaanza. Mei unagombania ukoko. Na usiombe kama msaada, katiba ya 2010 kifungu cha 201 kinataka mwananchi ashirikishwe kwenye mambo ya fedha. Andika barua, taja soko na wadi, peleka kwa karani wa bunge la kaunti, nakala yako igongwe muhuri. MCA msumbue Agosti, kabla hajaanza kuzima simu.