Bwana Shamba Anajibu: Mchicha Umestawi, Nyanya Zinaoza Kitako

SWALI: Bwana Shamba, pokea salamu kutoka Urambo. Mvua zilipokuwa zikiishia mwezi wa Aprili nilianzisha bustani nyuma ya nyumba, mahali ambapo baba mkwe alikuwa akilima tumbaku. Mchicha na figiri vimestawi hata nawagawia majirani, lakini nyanya zimenivunja moyo. Matunda ya kwanza yana baka jeusi kitakoni, limebonyea na kukauka kama ngozi, na mashina kadhaa yamenyauka majani yakiwa bado mabichi. Kisima kimeanza kupungua, kwa hiyo namwagilia siku ninapopata maji, na nimetandaza mabua ya tumbaku juu ya matuta ili kuzuia jua. Jirani ananihimiza ninunue dawa ya wadudu. Je, ninunue?
Mama wa Urambo, Tabora

JIBU: Usinunue, mama. Unayo matatizo mawili tofauti, na kwa dalili ulizozieleza, hakuna hata moja linalotibika kwa dawa ya wadudu.

Baka jeusi la kitakoni haliambukizi. Hutokea tunda linapokosa kalsiamu likiwa linakua, na mara nyingi madini hayo yamo udongoni ila hayalifikii tunda, kwa kuwa husafiri pamoja na maji. Mmea ukikaa na kiu siku kadhaa kisha ukafurikishwa kwa mara moja, hasa katika udongo wa kichanga usiotunza unyevu, matunda machanga ndiyo yanayoumia. Yachume yaliyoharibika, kisha mwagilia kwa mpango, asubuhi, ukimimina polepole shinani hadi maji yazame. Kama kisima hakitoshi, ni heri ubaki na mashina machache yanayoshiba kuliko mengi yenye kiu. Usiongeze urea wala mbolea mbichi ya kuku, maana hukuza majani huku matunda yakizidi kukosa kalsiamu. Wengi hushauri maganda ya mayai. Hayana ubaya, ila huoza polepole mno kuweza kuokoa msimu huu.

Mnyauko ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Tumbaku na nyanya ni mimea ya ukoo mmoja, na baadhi ya maradhi ya tumbaku hubaki ardhini yakiingojea nyanya. Kata kipande cha shina lililonyauka, karibu na ardhi, ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Baada ya dakika chache, ukiona nyuzi nyeupe za ute zikishuka kutoka pale ulipokata, huo ni mnyauko wa bakteria, nao hauna dawa: ng'oa mmea pamoja na mizizi yake, uuchome moto, wala usiutupe kwenye shimo la mboji. Usipoona kitu, chunguza mizizi. Ikiwa na vinundu vilivyo sehemu ya mzizi wenyewe, visivyobanduka kwa kidole kama vile vya maharage, wahusika ni minyoo fundo, ambao hupenda mno udongo wa kichanga.

Yale mabua ya tumbaku yaondoe leo hii. Virusi vya batobato la tumbaku, ugonjwa unaotia majani mabaka, hudumu katika masalia makavu na huishambulia nyanya pia. Tandaza nyasi kavu badala yake. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu aliyeshinda akipanga tumbaku madaraja anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa nyanya, na mvutaji wa sigara vilevile, hata akiwa ni mwenye nyumba.

Ikithibitika kuwa ni bakteria au minyoo, usirudishe hapo nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa. Mvua za Novemba zikianza, panda mahindi kwenye matuta hayo, na miche mipya ya nyanya uikuze upande wa pili wa nyumba, mahali ambapo tumbaku haijawahi kulimwa.